Kuhamia Dodoma na Kuwa wa Dodoma

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yetu mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini ilibaki kuwa mji wa kufikia na kuondoka. Wabunge walikuja wakati wa vikao wakaondoka. Watumishi walikuja kwenye semina wakaondoka. Mabasi ya Singida, Tabora na Mwanza yalisimama abiria wapate chakula, kisha yakaendelea na safari. Mambo yalibadilika mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kwa dhati. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na ofisi za wizara zikaanza kuinuka Mtumba, upande wa mashariki, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Ndiyo maana leo, ukisimama katika safu ya swala ya Ijumaa, si ajabu mtu wa kuliani kwako na wa kushotoni kwako wote wakawa wageni wa mji kama wewe.

Sisi ni miongoni mwa wageni hao. Mmoja wetu ni mtumishi wa wizara, na barua ya uhamisho ilikuja kwa jina lake. Mwingine alifuatana naye pamoja na vitabu vyake vya chuo, na baadaye waumini wakamkabidhi daftari la katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa. Tulitoka Tanga mwaka 2019 na watoto wawili, tukapanga kwa muda, kisha Mwenyezi Mungu akatujaalia kujenga huku Nzuguni.

Makala hii haikusudii kusifu nyumba. Tunataka kueleza jambo ambalo familia nyingi zilizohamia zinalijua lakini hazilisemi: kwamba kuhamia mji ni jambo moja, na kuwa mwenyeji wa mji ni jambo jingine. Sisi njia ya kutoka la kwanza kwenda la pili tuliipata siku za Jumamosi, tukiwa na ndoo mkononi.

Nchi iliyotupokea

Anayetoka Tanga huiona nchi ikibadilika taratibu. Mashamba ya mkonge humuaga kabla ya Segera, na baada ya Chalinze milima ya Uluguru huanza kuonekana mpaka ifike ubavuni mwa barabara. Akishapita Gairo, upepo huwa mkavu. Kibaigwa atakuta malori yakipakia mahindi, na mbele yake mibuyu husimama mmoja mmoja katika udongo mwekundu, haina hata jani wakati wa kiangazi, kama wazee waliovua makoti.

Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya alfajiri humfanya mtoto wa pwani, aliyezoea kulala dirisha likiwa wazi, kuomba blanketi la pili. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na katika mwaka mzima hunyesha milimita kati ya 500 na 700 hivi, karibu nusu ya mvua ya Tanga. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo kwa miezi saba. Kwa muda mrefu mji huu umekunywa maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na wakazi walipoongezeka kila nyumba ilijifunza kuheshimu dumu la lita 20 kama inavyoheshimu mfuko wa unga.

Jikoni nako kulibadilika. Nazi tunazihesabu, na samaki mbichi wa asubuhi amebaki kuwa hadithi tunayowasimulia watoto. Wiki ya pili tangu tuhamie, jirani yetu, bibi wa Kigogo ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alituletea ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Watoto waliutazama kwa mashaka. Leo wanaugombea, na mkubwa ndiye anayemsaidia Bibi kuanika majani juani ili yafae wakati wa kiangazi.

Nyumba za Ijumaa jioni

Pamoja na wema huo, mtaa wetu ulikuwa na ugonjwa wake. Siku ya Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, magari yalianza kuondoka. Walioacha familia Dar es Salaam waliwahi ili wafike usiku. Wengine walikwenda Morogoro, wengine Iringa. Mageti yalifungwa, mlinzi akabaki na redio yake, na mtaa ukanyamaza mpaka Jumapili usiku. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari zake mwaka 2024, na mwendo wa kutwa ukawa wa saa chache, kuondoka kumekuwa kwepesi zaidi.

Hatuwalaumu ndugu zetu. Wapo walioacha wazazi wagonjwa, na wapo ambao watoto wao wanamalizia shule huko walikotoka. Lakini nyumba inayolaliwa siku nne na kufungwa siku tatu inabaki kuwa hoteli ya mwenyewe. Na mtaa wenye nyumba nyingi za namna hiyo, siku ya shida huonekana ulivyo.

Siku hiyo ilikuja Jumamosi moja ya mwezi Agosti. Alifariki mzee wetu mmoja wa safu ya mbele, mtu mpole aliyekuwa akitembea na bakora yake kutoka msikitini mpaka dukani, akimsalimia kila aliyekutana naye. Daftari la kamati lilikuwa na majina mengi ya waumini. Tulipopiga simu, mmoja alikuwa Chalinze, wa pili Kibaha, wa tatu alikwisha fika Kariakoo. Tuliobaki mtaani tulikuwa wachache, na ardhi ya Dodoma mwezi wa Agosti ni ngumu kama sakafu. Kaburi halichimbwi na watu wanne, tena wawili wao wazee.

Tukiwa bado tunashauriana, tukawaona vijana wa Kigogo wa upande wa pili wa korongo wanakuja na majembe na sururu. Wengi wao si Waislamu. Hakuna aliyewaita. Walichimba kwa kupokezana, sisi tukatengeneza mwanandani, na kabla ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari. Tulipowashukuru, mmoja wao alijibu, bila ubaya wowote katika sauti yake:

"Mzee huyu alikuwa akitusalimia kila siku. Ninyi wengine tunawaona kwenye magari tu."

Maneno hayo yaliingia katika kumbukumbu za kikao cha kamati kama yalivyosemwa. Kikao hicho hakikuchukua muda mrefu. Ilikubaliwa kwamba kila Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne asubuhi, waliopo mjini watafanya kazi kwa ajili ya mtaa, bila malipo na bila kuuliza faida inamfikia nani. Vijana walitaka tupange kazi papo hapo. Mzee mmoja akawazuia: "Waulizeni kwanza wenye mji wanahitaji nini." Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda kwa walimu wa shule ya msingi, tukaenda kwa Bibi. Wote watatu walitaja kitu kimoja: kivuli.

Maji ya Ijumaa, miti ya Jumamosi

Kupanda mti Dodoma si kazi kubwa. Mvua ya kwanza inapozama ardhini mwezi wa Desemba, hata fimbo huonekana kama itachipua. Kazi ni kuuvusha mche kutoka Mei mpaka Novemba. Katika miezi hiyo majumbani maji ni ya kupikia, kunywa na kuoga, na hakuna mama atakayekubali dumu lake liende kwenye mti wa shule.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Kila Ijumaa mamia ya watu hutawadha msikitini, na maji yote yale yalikuwa yakipotelea katika shimo. Fundi bomba mmoja, muumini wa hapa hapa, aligeuza njia yake. Tulichimba tangi chini ya ardhi nyuma ya mahali pa kutawadhia, likajengewa matofali na kusakafiwa kwa saruji, likafunikwa kwa zege lenye mdomo wa kuchotea. Maji ya vyoo yalibaki na njia yake mbali. Yanayoingia tangini ni yale ya udhu peke yake, yasiyo na sabuni wala mafuta.

Ndugu mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama inafaa kuyatumia. Imamu alimweleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyokwisha tumika katika udhu wa faradhi hayatumiki tena kutawadhia, lakini yenyewe ni safi, na mti hautawadhi. Watu wakacheka, na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo watoto wameyaita maji ya Ijumaa.

Kuhusu upandaji, mwalimu wetu alikuwa Bibi. Tulipomwonyesha miche ya muarobaini, mkwaju na mgunga tuliyokusanya, aliiacha kando akauliza boma liko wapi.

"Wajukuu zangu," alisema, "mbuzi hasomi tangazo. Anzeni na miba."

Basi Jumamosi mbili za mwanzo hatukupanda kitu. Tulikata matawi ya miba kwa ruhusa ya mwenye shamba, tukazungushia kila mahali palipokusudiwa mche. Wiki ya tatu ndipo tulipochimba mashimo yenye kina cha nusu mita, tukachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza, tukapanda, na kuacha udongo wa kuzunguka shina ukiwa umeinama kama sahani ili tone lisikimbie. Juu yake tukatandaza nyasi kavu, kwa sababu jua la hapa hunywa maji kabla ya mizizi.

Mvua ilipokatika, kazi yenyewe ikaanza. Dumu moja kwa kila mche kila Jumamosi, kabla jua halijapanda. Wenye nguvu huchota, wengine hujaza madumu, guta la muuza maji mmoja wa mtaani hubeba mzigo mpaka shuleni bila nauli, na watoto hupita na kopo kuhakikisha hakuna shina lililosahauliwa. Kila mtoto amepewa mti wake. Mche ukinyauka, mwenyewe hutoa taarifa kwa katibu kwa uso wa msiba, na huandikwa, kwa kuwa daftari la kweli huandika pia vilivyokufa. Tulipanda miche 40; kiangazi cha kwanza kilipokwisha, 27 ilikuwa hai. Iliyokufa tuliipandia mingine palepale.

Saa nne kasoro, kazi ikiisha, ndipo raha ya Jumamosi inapoanza. Tunakaa kwenye ukuta wa shule. Chai ya tangawizi inakuja na mihogo ya kuchemsha na karanga, na katika msimu wake zabibu za Dodoma, tamu kiasi kwamba hatujazikosa pwani kwa lolote. Wale vijana wa sururu sasa ni wenzetu wa kila wiki. Wao hutufundisha Kigogo kidogo kidogo, na siku hizi "mbukwenyi" yetu hujibiwa bila mtu kucheka. Sisi huwafundisha watoto wao hesabu, siku zinazokaribia mtihani.

Yupo pia mzee kutoka Kondoa, ambaye hukaa kwenye jiwe lake na kusimulia jinsi ardhi ya kwao ilivyokuwa imechimbika makorongo. Mwaka 1973, mwaka ule ule Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoharibika zaidi. Watu walinung'unika, anasema mzee, kwa sababu mtu ng'ombe wake ndiye benki yake. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na makorongo yakatulia. Husimulia hayo kila mara mtu mpya anapolalamika kwamba mkwaju aliopanda hauongezeki urefu. Mkwaju huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na watakaokula ukwaju wake huenda hata hawajazaliwa. Hilo kwa Muislamu si geni. Sote tumesomeshwa kwamba apandaye mti akala kwao mtu, ndege au mnyama, ameandikiwa sadaka.

Jumamosi ya hospitali

Mara moja kwa mwezi madumu hupumzika. Baada ya alfajiri tunagawanyika makundi mawili, akinamama kwa wodi za wanawake na watoto, wanaume kwa wodi za wanaume, na tunakwenda hospitalini saa za kutazama wagonjwa. Hospitali za jiji hili hupokea watu kutoka wilaya za mbali na hata mikoa ya jirani, na mara nyingi mgonjwa huletwa na ndugu mmoja aliyebeba nguo moja. Ndugu huyo hulala nje, hula akipata, na hana wa kumwachia mgonjwa akitaka kwenda kufua. Tumejifunza kwamba anachohitaji kwanza ni mtu wa kukaa kwenye kiti chake kwa saa moja. Hivyo tunakwenda na uji katika chupa za chai, sabuni, kanga safi, na muda wetu.

Kila baada ya miezi mitatu tunapeleka pia wachangiaji damu. Utaratibu ni rahisi: mwenye afya njema, umri kuanzia miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kinachochukuliwa ni chini ya nusu lita, na kazi haizidi muda wa kunywa chai. Damu haina kiwanda. Mama anayetokwa damu wakati wa kujifungua anategemea kwamba mtu asiyemjua aliamka Jumamosi akakumbuka kuja. Mara ya kwanza tulipokwenda, kiti cha kuliani kilikaliwa na kijana yule aliyesema kwamba wengine anawaona kwenye magari tu. Alitazama mkono wetu uliofungwa mpira, akatazama wake, akasema, "Leo tuko kiti kimoja."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama ilivyo nchi nzima, ni ya usafi. Hiyo haihitaji maelezo: ni mifagio, makoleo na mitaro, na kila mtu anajua sehemu yake.

Kwa familia zinazohamia

Ndugu msomaji, huenda barua ya uhamisho iko njiani kuja kwako, iwe ya Dodoma au ya mji mwingine. Tunakuusia machache tuliyoyaona kwa macho.

Kabla hujatundika mapazia, jitambulishe kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa majirani wa pande zote nne, wa dini yako na wasio wa dini yako. Jifunze salamu ya wenyeji na jina la mboga yao. Kama lazima uwe unasafiri kila mwisho wa wiki, jitahidi angalau wiki mbili katika mwezi zikukute nyumbani, na moja ya hizo toa asubuhi yake kwa watu. Chagua kazi ndogo uifanye mpaka mwisho, kwa kuwa miji yetu ina upungufu wa wanaorudi wiki ya pili. Waulize wenyeji kinachohitajika badala ya kuja na jibu mfukoni. Na usiende peke yako. Mwende wote, baba, mama na watoto, kila mmoja apate sehemu yake, maana mtoto huuzoea mji kwa kupewa kazi ndani yake.

Wazee wetu Tanga walikuwa wakituuliza kwa simu kila mwezi, "Mtarudi lini?" nasi tulikuwa tukijibu kwa kutaja mwezi. Mwaka jana tulikwenda kwao likizo ya Desemba. Siku ya tano mtoto wetu mdogo aliuliza tutarudi lini nyumbani, kwa sababu mvua zimeanza na mti wake unahitaji kupaliliwa. Babu yake alimtazama kwa muda, kisha akamkata kipande cha nazi akamwambia ampelekee Bibi wa Dodoma. Tangu hapo wazee hawaulizi tena tutarudi lini. Wanauliza tutakwenda lini kuwatembelea.

Miche ya msimu ujao imekwisha wekwa kitaluni. Mashimo yatachimbwa mwezi wa Novemba, na daftari liko wazi kwa yeyote aliyehamia jana au aliyezaliwa hapa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie mvua, atutakabalie kidogo tunachokitoa, na kila familia iliyo ugenini aipe mtaa wa kuuita wake. Amin.